Tatizo Liko kwenye G: Kuchagua Unene wa Nyuzi Bapa za Besi

Hotuba kwa wapiga besi chipukizi, Tanga

Shikamooni wazee wangu mliokaa mstari wa mbele. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kuniita, na ahsanteni zaidi kwa kunipa jambo moja dogo la kusemea, maana jambo dogo mtu huweza kulifikisha mwisho.

Jambo lenyewe ni hili. Umechoka na nyuzi za raundi. Umesikia kwenye rekodi fulani besi nono, inayotembea taratibu, haina mlio wa bati wala mikwaruzo ya vidole, ukaambiwa hizo ni nyuzi bapa, flati kama wengi wetu tunavyoziita. Umejibana miezi, umepata fedha, umempata na mtu wa kukuagizia. Sasa anakuuliza: namba ngapi? Hapo ndipo mnaponijia karakana, simu mkononi, picha ya pakiti imefunguliwa. Na picha mnayonionyesha mara nyingi ni ileile: 52 hadi 110, yaani unene wa uzi mwembamba kabisa hadi ule mnene kabisa. Nawaambia rudisheni simu mfukoni kwanza, leteni mikono niione. Leo nataka kueleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu karakana huwa kuna foleni na sipati nafasi ya kueleza.

Ukikosea raundi hujaumia sana. Raundi kwa joto letu na jasho letu, na huu upepo wa chumvi wa pwani, baada ya miezi miwili imekwisha kupoteza mlio. Utaichemsha mara moja au mbili kama tulivyozoea, kisha utaitupa na kununua nyingine. Bapa haziko hivyo. Bei yake hufika mara mbili ya raundi au zaidi, dukani hazipatikani kirahisi, na zikishafungwa zinakaa miaka. Sauti yake hasa huanza kupendeza pale raundi ingekuwa imekwenda jalalani. Kwa hiyo ukichagua unene usiokufaa, utaishi nao. Kila usiku utapanda nao jukwaani.

Kwa wale ambao hawajazishika, nieleze kwa haraka. Kila uzi wa besi una waya wa chuma katikati, ndio kiini chake, na juu ya kiini huzungushwa waya mwingine. Waya huo ukiwa wa duara, uzi huwa na matuta kama skrubu, na kidole kikipita juu ya matuta kinakwaruza. Hiyo ni raundi. Ukiwa utepe bapa, uzi unatoka laini kama fimbo iliyopigwa msasa. Utepe wenyewe huwa wa chuma kisichoshika kutu, au nikeli, au ule mchanganyiko wa nikeli na shaba uitwao moneli.

Fender, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, walipotoa besi yao ya umeme ya Precision mwaka 1951, wanamuziki waliokuwa wakijua kazi ya besi walikuwa watu wa besi kubwa ya kusimama, ile ambayo mkienda Unguja bado mtaiona nyuma ya vinanda na qanuni kwenye vikundi vya taarab. Nyuzi za besi mpya zilikuwa bapa, na zilikuwa nene. Raundi zilishika kasi baada ya 1966, pale John Entwistle wa kundi la The Who alipokaa na watengenezaji wa Rotosound huko Uingereza wakamtafutia uzi unaolia kama waya wa piano. Kwa hiyo karibu kila besi ya umeme mnayoisikia kwenye rekodi za kabla ya hapo, mnasikia bapa. Na mimi masikio yangu yamelelewa Tanga hii, mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mji ambao Black Star Musical Club waliingiza magitaa ya umeme kwenye taarab, wakaipa mwendo mwingine kabisa. Besi inayokaa chini ya wimbo bila kumwingilia mwimbaji, hiyo ndiyo besi niliyoipenda tangu utoto. Nawaambia haya mjue naziongelea nyuzi hizi kwa mapenzi. Sina duka la kuziuza.

Sasa zile 52 hadi 110. Vijana wanazitaka kwa sababu ya James Jamerson, na sababu hiyo naiheshimu. Jamerson ndiye aliyepiga besi kwenye nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown huko Detroit, miaka ya 1960, ndani ya ile nyumba waliyoiita Hitsville. Alikuwa na Precision ya mwaka 1962, nyuzi bapa za kampuni ya La Bella, 52, 73, 95, 110, yaani G iliyo nyembamba, D, A, na E iliyo nene, na habari inayojulikana ni kwamba hakuwa akizibadilisha mpaka zikatike. Kulikuwa na sponji chini ya kile kifuniko cha briji, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, ikizibana nyuzi zisilie muda mrefu. Alipiga kwa kidole kimoja, cha shahada, wenzake wakakiita ndoano. Alifariki 1983, na mpaka leo watu wazima wanakaa na noti zake wakijaribu kuelewa alipita wapi.

Lakini kabla hajashika gitaa la besi, Jamerson alijifunza besi kubwa ya kusimama. Mkono wake wa kushoto ulikwisha kuzoea nyuzi nene zilizo juu ya ubao. Alipokuja kwenye Precision, zile 52 kwake zilikuwa nafuu. Wewe mkono wako umetoka kwenye raundi za 45 zilizolegea. Ukizifunga nyuzi zilezile, mikono haiko sawa.

Mimi nilizifunga. Nilikuwa na miaka 24, napiga besi kwenye bendi ya ukumbini, na mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati aliniuliza aniletee nini. Nikamwandikia namba hizohizo. Zilipofika nililala nazo kitandani usiku ule. Besi yangu ilikuwa kuukuu, shingo yake imeshapita mikono mingi, na kile chuma cha ndani ya shingo kilikuwa kimekazwa na mtu mwingine mpaka mwisho. Sikuangalia. Wiki ya kwanza nilijiona mfalme. Wiki ya tatu nyuzi zilikuwa zimepanda juu ya freti ya 12, vile vyuma vinavyokatiza shingo, kiasi cha kupitisha kidole, shingo imepinda kwa mbele, na kidole changu kidogo cha kushoto kinaniuma hata ninapofunga vifungo vya shati. Kiongozi wa bendi akaniambia nachelewa. Nilikuwa sichelewi kwa akili; mkono ndio uliokuwa unafika baada ya noti. Kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya wimbo, pale besi inapotakiwa iruke juu na kurudi, nilianza kukwepa uzi wa G. Noti za G nikawa nazitafuta kwenye D. Mpigaji anayekwepa uzi wake mwenyewe amekwisha kupoteza robo ya gitaa.

Mzee mmoja aliyepiga besi kabla yetu sote, naye ameshatangulia mbele ya haki, alikuja akalishika lile gitaa, akapiga G peke yake mara tatu, akaniuliza kwa nini nimeweka pale uzi unaofaa kuwa D. Nilidhani anatania. Baadaye alinikalisha akanifundisha hesabu ambayo nitawafundisha sasa, na kama mtasahau mengine yote ya jioni hii, hii msiisahau.

Namba kwenye pakiti ni unene. 45 maana yake ni sehemu 45 kati ya elfu moja za inchi, milimita 1.14 hivi. 105 ni milimita 2.67. Basi. Namba inakwambia uzi una unene gani, na kidole chako hakihisi unene kwanza, kinahisi mkazo: nguvu ambayo uzi unavuta. Mkazo unatokana na mambo matatu: uzito wa uzi, urefu wake kati ya kizingiti cha mfupa pale kichwani na briji, na sauti uliyoutyuni. Kwenye besi moja urefu ni uleule na sauti ni zilezile, kwa hiyo linalobaki ni uzito. Na uzito haupandi sawasawa na unene. Ukiongeza unene kwa asilimia 10, uzito unapanda asilimia 21, na mkazo nao 21. Ndiyo maana namba mbili zinazoonekana jirani kwenye pakiti zinaweza kuwa mbali sana mkononi.

Sasa tazameni. Uzi wa G unatetemeka mara 98 kwa sekunde, D mara 73 na kidogo, A mara 55, E mara 41. Kila ukishuka uzi mmoja, mitetemo inakuwa robo tatu ya ile ya juu. Basi kama nyuzi zimetengenezwa kwa namna moja na unataka zote nne zivute sawa, kila uzi unaofuata unene wake uwe mara nne juu ya tatu ya ule wa kwanza. Anza na 45: zidisha kwa nne, gawa kwa tatu, unapata 60. Fanya tena, 80. Fanya tena, 107 kasoro kidogo. Kwa hiyo seti iliyolingana ni 45, 60, 80, 107. Andikeni.

Linganisha na seti tuliyoizoea wote, 45, 65, 85, 105. D yake ni 65 badala ya 60, kwa hiyo inavuta zaidi ya G kwa asilimia 17. E yake imepungukiwa kidogo, asilimia 4. Wangapi hapa mmewahi kujiuliza kwa nini D ya besi yenu ni ngumu kuliko nyuzi zingine? Naona mikono. Sababu ndiyo hiyo, gitaa lako halina ubaya.

Turudi kwa Jamerson sasa na hesabu mkononi. Mtu akiona 52 hadi 110, jicho linakwenda kwenye 110, anasema hii E ni nzito kweli. Lakini 110 dhidi ya 105 ni nyongeza ya asilimia 10 tu ya mkazo. A ya 95 dhidi ya 85 ni asilimia 25. D ya 73 dhidi ya 65, asilimia 26. Na G, 52 dhidi ya 45, asilimia 33. Theluthi nzima! Uzito wa seti ile hauko chini kwenye E mnakouogopa. Uko juu, kwenye G na D, kule kidole kidogo kinakofanya kazi. Ndicho alichokuwa akiniambia yule mzee.

Kuna mfano mwingine unaonishangaza kila mara. Fender wana seti ya bapa ya 55, 70, 90, 105. Ukiangalia mwisho wake, 105, utasema hii ni ya kawaida. G yake ni 55. Dhidi ya 45 hiyo ni karibu asilimia 50 zaidi. Seti mbili zinaishia namba ileile, na moja G yake inavuta mara moja na nusu ya nyingine. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi natumia 105", hajakwambia kitu. Muulize G yake ni ngapi.

Hesabu hii ni dira, nayo ina mpaka. Inadai nyuzi ziwe za utengenezaji mmoja, na watengenezaji hawafanani. Raundi yenyewe haifanani na bapa. Waya za duara zikilazwa ubavu kwa ubavu hubaki na mapengo ya hewa katikati. Utepe bapa unayaziba yale mapengo kwa chuma. Kwa unene uleule, bapa ina chuma kingi zaidi, ni nzito zaidi, inavuta zaidi. Ndiyo maana nawaambia: kama umezoea raundi za 45 hadi 105, usiagize bapa za 45 hadi 105 ukitegemea mkono utahisi vilevile. Shuka ngazi moja. Kisha kuna kiini. Nyuzi mbili zaweza kuwa na namba moja, mmoja kiini chake kinene na utepe mwembamba, mwingine kinyume chake, na mkononi ni vitu viwili tofauti. Wenye kiini kinene unakuwa mkaidi, hautaki kupinda. Chromes za D'Addario, 45, 65, 80, 100, namba yake ni ya seti nyepesi, lakini mkononi mwangu ni ngumu, zinasimama kama fito. Jazz Flats za Thomastik-Infeld wa Vienna, 43, 56, 70, 100, ndizo laini kuliko bapa zote nilizowahi kufunga. Mpigaji mpole atazipenda mpaka kufa, na mwenye mkono mzito atazigonganisha na freti usiku kucha. E zote mbili ni 100. Watengenezaji wengi hutoa jedwali la mkazo wa kila uzi. Hilo jedwali ndilo la kusoma kabla ya fedha kutoka.

Basi tuseme umekuja kwangu na hujawahi kufunga bapa, besi yako ni ya kawaida, inchi 34. Nitakupa 43, 60, 82, 104. La Bella wanayo, na wana ngazi nyingine juu na chini yake: 39 hadi 96, 45 hadi 105, 49 hadi 109, kisha ile ya Jamerson. Ile ya 43 ukiilinganisha na raundi zako inapunguza unene pale juu na kuuacha karibu uleule pale E, ndiyo hasa tunayoitaka. E inabaki na kifua, G inabaki inaimba. Wakati umma mzima unatafuta E nene, mimi nawasihi mtafute G nyembamba. Bapa nene kwenye G inatoa mlio wa kigogo, noti inakufa kabla haijafunguka, na kwenye wimbo wa taarab, ambapo besi mara nyingine inajibizana na mwimbaji kule juu, unataka ile G iwe na sauti ya mtu.

Lakini kabla ya kuagiza, pima mkono wako wa kulia. Chukua tyuna, kile kipimo cha sauti chenye mshale, piga E wazi kwa nguvu unayotumia saa nane za usiku, ukumbi umejaa na drams ziko nyuma yako. Usipige kwa nguvu ya chumbani. Tazama mshale. Ukiruka juu kisha ukarudi taratibu mahali pake, uzi umelegea kwa mkono wako. Kila noti unayopiga inaanza ikiwa juu ya sauti yake. Huyo anahitaji mkazo zaidi, na kwake 45 hadi 105 au hata 49 ni halali. Mshale usipotikisika, na bado unahisi unapigana na gitaa, shuka. Steve Harris wa Iron Maiden anafunga bapa za moneli, 50 hadi 110, na anapiga kwa vidole kwa kasi ambayo wengi wetu hatuifikii. Mkono wake unazidai, na ameupa miaka. Yeye ni ushahidi pia kwamba bapa si nyuzi za wazee peke yao, maneno ambayo nayasikia sana na yananiudhi.

Kuna mambo yanayobadilisha hesabu, nayapitia upesi. Bendi yako ikishusha tyuni nusu hatua ili kumpumzisha mwimbaji, mkazo wote unashuka asilimia 11. Hapo panda ngazi moja, kutoka 43 kwenda 45, au 45 kwenda 47 na kitu. Besi fupi ya inchi 30, kama zile Höfner zenye umbo la fidla, inapunguza mkazo kwa asilimia 22. Uzi wa 45 pale unavuta kama wa 40 kwenye besi ndefu, kwa hiyo seti nyembamba zinakuwa kamba ya kuanikia nguo. Na nunua nyuzi za urefu wake, maana sehemu nene ya bapa ikilazimishwa kuzunguka kwenye ufunguo itafumuka au kukatika. Nyuzi tano, ile B ya chini: kwa hesabu yetu, kwenye seti ya 45 ingetakiwa 142, na utakazokuta zina 130 au jirani yake. Itakuwa legevu, na hilo ni la besi zote za inchi 34, halitibiki kwa namba.

Na benga? Kijana mmoja kutoka Kisumu aliniuliza hili mwaka jana. Kwenye benga besi inakimbia, inagonga kama ngoma, inapishana na solo. Nilimwambia aendelee na raundi, au kama moyo umegoma, bapa nyembamba kabisa. Sitasema bapa zinafaa kila kitu. Mwenye kupiga kwa kubamiza dole gumba kanisani, naye namwambia hivyohivyo. Zilipendwa, rumba, taarab, hapo sina shaka nazo.

Sasa shingo, na hapa naomba mnisikilize kama baba zenu. Seti ya kawaida ya raundi inavuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Huo ni mfuko wa saruji na nusu, na zaidi kidogo, umening'inia kwenye kipande cha mti usiku na mchana. Kabla hujaongeza, bana uzi wa E freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa wakati mmoja, tazama pengo katikati, kwenye freti ya 7 au 8. Likiwa kama unene wa kadi nyembamba, milimita 0.3 hivi, shingo iko vizuri. Hakikisha kile chuma cha ndani bado kina nafasi ya kukazwa. Kama kimefika mwisho, kama changu kilivyokuwa, usiweke nyuzi nzito hata zikija bure kutoka Maskati. Na ukishafunga, besi ipe siku mbili tatu, kisha ndiyo urekebishe. Mti unajibu taratibu.

Ukizifunga, kunja uzi kwanza kwenye ufunguo, uukunje kabisa kona kali, ndipo ukate mkia wake. Ukikata kabla ya kukunja, utepe unaweza kufumuka toka mwisho na seti nzima imekwenda na maji. Kama besi yako inapitisha nyuzi nyuma ya mwili, na ina njia ya kupita juu ya briji, tumia ya juu. Bapa hazipendi kona kali pale. Na kile kizingiti cha mfupa: mifereji yake imechongwa kwa 45 yako ya zamani, na 52 haitakaa ndani, itaelea juu. Kishawishi ni kuchukua tupa na kuipanua. Usiipanue mpaka umeishi na unene mpya mwezi mzima na umeukubali, kwa sababu mfereji uliopanuliwa haurudi, na siku ukitaka kurudi kwenye nyembamba utasikia uzi unacheza ndani kama jino bovu. Nimebadilisha vizingiti vingi kwa kosa hilo moja.

Wala usihukumu sauti wiki ya kwanza. Bapa mpya zinalia kwa ukali ambao utakukatisha tamaa, utasema umeibiwa. Baada ya wiki kadhaa za vidole na jasho zinatulia. Mkazo ndio unaoweza kuuhukumu siku ileile, kwa sababu haubadiliki: kama mkono unauma siku ya tatu kwenye besi iliyorekebishwa vizuri, na unakwepa G kama nilivyokuwa nikikwepa, usijiambie utazoea. Zivue, zikunje vizuri, mpe mwenzako mwenye mkono mwingine. Bapa zilizovuliwa kwa uangalifu zinafungika tena kwenye besi ya urefu uleule. Na msizichemshe. Maji yakiingia chini ya utepe, kiini kinashika kutu mahali usipoweza kupafuta.

Nimesema mengi na mikono yenu inawasha. Pale mezani kuna besi tatu, zote za inchi 34, zote nimezirekebisha mwenyewe jana, nyuzi zina kimo kimoja juu ya freti. Moja ina bapa za 43, moja 45, moja 52. Sijaandika ipi ni ipi na pakiti nimeziacha nyumbani. Pangeni foleni, kila mtu azishike zote tatu, apige wimbo uleule, aanzie kwenye G, kisha aniambie ni ipi aliyosahau kwamba ameishika. Huyo binti wa nyuma, mwenye begi la besi mgongoni, njoo uanze wewe.